Ufito wa Baba na Chai ya Dorcus

Kwa miaka minne baba yangu hakunywa chai iliyopikwa nyumbani kwake, na sababu ilikuwa mimi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu najijua. Nikianza na mambo matamu nitayapamba mpaka nisahau kufika kwenye ubaya wangu, na utamu upo mwingi.

Mgeni atauliza, kwani chai ni nini? Kwetu Merigi, mtu akikataa chai yako amekukataa wewe. Na baba, Mzee Obure, si mtu wa kukataa chai. Amechuma majani miaka thelathini na mmoja katika shamba la kampuni upande wa Kericho, kisha akanunua kipande kidogo huku Bomet akapanda michai yake mwenyewe. Kikombe chake ni cha bati, cha nusu lita, na mama alikuwa akisema kwamba siku baba akichanjwa mkono itatoka chai ya maziwa.

Alitoka Nyamira akiwa na miaka kumi na tisa, na blanketi moja, na jina la mjomba aliyekuwa akiishi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Wiki ya kwanza vidole vilivimba na kuwa vyeusi, na nyapara akamwambia kwamba anachuma kama mbuzi, huku juu huku chini. Ndipo alipofundishwa ufito. Ufito ni fimbo ndefu iliyonyooka ambayo mchumaji huilaza juu ya michai. Kilichochomoza juu ya ufito huchumwa, majani mawili na chipukizi. Kilicho chini huachwa kikue. Bila ufito shamba hupanda na kushuka, na kazi yako hurudishwa.

Baba alijikatia wake, mwepesi, mrefu kumpita yeye kidogo. Akaukwangua maganda kwa kipande cha chupa. Miaka ilipopita mikono yake iliung'arisha mpaka ukawa rangi ya asali. Wenzake walikuwa wakibadilisha fito kila msimu, yeye hakubadilisha, kwa sababu huo ufito ulikuwa na kazi nyingine nyumbani.

Kila Jumapili ya mwisho ya mwaka, tukitoka kanisani na kabla hatujavua nguo nzuri, alitusimamisha mlangoni mmoja mmoja, ufito ukiwa umesimama mgongoni mwetu, akakata alama kwa kisu pale utosi unapoishia. Alama yangu ilikuwa mkato mmoja. Ya kaka yangu Ombati, mikato miwili. Ya mdogo wetu Janefer, msalaba mdogo.

"Wewe Obure," mama alikuwa akimwambia, "utachuma chai na fito ama na watoto?"

"Hii chai ndiyo ya maana," baba alijibu, huku akipuliza vumbi la mti kutoka kwenye alama. "Majani mawili na chipukizi." Majani mawili tulikuwa mimi na Ombati. Chipukizi alikuwa Janefer.

Ombati alizoea kusimama kwa ncha za vidole, na baba akawa anamwambia ashuke kutoka hewani. Mimi nilikuwa mjanja zaidi. Mwaka mmoja nilijaza vitambaa ndani ya viatu nikapata urefu wa bure, nikatamba laini nzima. Mwaka uliofuata nilisahau vitambaa. Baba aliangalia alama, akaniangalia mimi, akaangalia alama tena. "Drusilla," akamwita mama, "kuja uone, mtoto wako anarudi chini." Alicheka mpaka akakohoa. Kwa miezi kadhaa wachumaji wenzake walikuwa wakinikuta njiani wakiniuliza kama bado narudi chini. Siku hizi nikikumbuka kisa hicho natabasamu, halafu tabasamu linakatika, maana naona kwamba hata wakati huo nilikuwa mwongo.

Kulikuwa pia na kupimwa kilo. Jumamosi jioni, majani yakishapokelewa, karani wa mizani aliyeitwa Kipruto alikuwa akituweka ndani ya gunia la majani na kulitundika kwenye ndoano. Alituchunguza kwa uso mkavu namna alivyochunguza majani. "Huyu ako na majani magumu, Obure, rudisha nyumbani," alisema nikifika mimi. Janefer akifika alisema, "Gredi ya kwanza. Hii nanunua." Janefer alipiga kelele kwa furaha ndani ya gunia, tukaona vidole vyake tu vikitokeza kwenye matundu.

Alikufa kwa surua wakati wa mvua za masika, kabla ya kupimwa kwa ufito mara ya nne. Nyumbani hatuna picha yake. Mpiga picha alipopita kwenye laini Krismasi moja, Janefer aliogopa kamera akajificha nyuma ya gauni la mama, na kwenye picha ile kinachoonekana cha kwake ni vidole vitatu vimeshika kitambaa. Kwa hivyo mtoto yule alibaki mahali pawili. Vidole vitatu kwenye picha, na misalaba mitatu kwenye ufito.

Baba alipoacha kazi aliuleta ufito Merigi akausimamisha nyuma ya mlango wa jikoni, pale mama angeuona. Baadaye presha ya macho ikamchukua jicho la kushoto, halafu la kulia. Picha haikumfaa tena. Jioni alikuwa akiomba ufito, anaulaza juu ya magoti na kuusoma kwa kidole gumba kutoka juu kuja chini. "Hapa Ombati alikuwa amenyolewa vibaya," angesema. "Hapa Lenah aliweka vitambaa kwa viatu." Anacheka peke yake. Akifika kwenye misalaba anaigusa tu, moja, mbili, tatu, kisha anainuka kuurudisha mwenyewe, akipapasa ukuta. Hakumruhusu mtu amsaidie kuurudisha.

Na mimi nikauchoma.

Ilikuwa siku tulipomzika mama. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kuni zote zilikuwa zinatoa machozi. Watu walikuwa wengi, wa kanisa, wa ukoo kutoka Nyamira, wa laini za zamani, na wote walitakiwa wapewe chai kabla mwili haujatoka. Mimi nina hasira za karibu, hilo halihitaji shahidi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshagombana na shangazi wawili kuhusu masufuria. Moto ukaanza kuzima. Nilinyoosha mkono nyuma ya mlango, nikashika kitu kikavu cha kwanza, nikakivunja kwa goti bila kukiangalia.

Ndipo kidole changu kikaingia kwenye pengo la alama.

Nilijua papo hapo. Nilikuwa na kipande kimoja mkono huu na kingine mkono ule, na kile cha chini, chenye misalaba ya Janefer, kilikuwa kizima kabisa. Ningeweza kukificha chini ya leso yangu. Ningeweza kumwambia baba siku ile ile, nikalia naye, na ingekwisha. Lakini nilisikia shangazi anakuja, nikaona jinsi atakavyosema kwamba hata siku ya kumzika mama yake, Lenah ameharibu kitu. Nikasukuma vipande vyote viwili chini ya sufuria. Viliwaka vizuri. Vilikuwa vimekauka kwa miaka arobaini.

Wiki tatu baadaye baba aliuliza ufito uko wapi. Hapo ndipo kosa langu la kwanza, ambalo lilikuwa kosa la mkono, likazaa la pili.

Sisi Wakisii tuna chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hashikani mkono na mkamwana wake, hamgombezi, hamuulizi maswali ya ana kwa ana. Dorcus, mke wa Ombati, alikuwa ameolewa miezi mitatu tu. Baada ya mama, jikoni pakawa pake, na baba hakuingia tena humo. Alimpikia baba, akaweka kikombe kwenye kigoda kando ya mlango, akabisha kidogo na kuondoka. Wakiwa na neno la kuambiana, lazima limpitie mtu. Mtu huyo, kila Jumapili nilipokuja kutoka Silibwet ninakouza mitumba, alikuwa mimi.

"Lenah," baba aliniambia, "enda uulize bibi ya Ombati kama ameona fito yangu."

Nilienda. Dorcus alikuwa amechutama nje ya jikoni anasugua sufuria kwa jivu. Nilisimama pale kwa muda ambao mtu anayeuliza swali angesimama. Kisha nikamwambia, "Umeosha vizuri," nikarudi kwa baba.

"Anasema pengine aliichoma siku ya mazishi," nikasema. "Hakujua ni kitu gani."

 Mikono ya baba ilikuwa imeshawekwa tayari juu ya magoti, kuupokea.

"Hakujua," akasema. "Ni mgeni. Mwambie si neno."

Nikarudi kwa Dorcus. "Baba anasema asante kwa chakula," nikamwambia. Alitabasamu, msichana wa watu, akainamisha kichwa kwa heshima.

Jioni ile kikombe cha bati kilibaki kimejaa juu ya kigoda mpaka chai ikafanya utando. Baba alisema ni tumbo. Kesho yake tumbo tena. Sidhani alikuwa akimwadhibu. Baba si mtu wa visasi, na alikuwa amesema si neno na alitaka lisiwe neno. Lakini koo lilikataa. Kila kikombe kutoka jiko lile kilikuja kwake na moshi wa ufito wake. Kwa hivyo akala chakula, akanywa maji, na chai akawa anavuka ua kwenda kuinywa kwa jirani yetu Kiptanui, akiongozwa na fimbo.

"Kwani nyumpani kwako hakuna chai, Opure?" Kiptanui alikuwa akimtania kwa lafudhi ya kwao isiyo na b, na kwa sauti inayofika mto wa chini. Dorcus, akiwa upande huu wa ua na kikombe kilichokataliwa mkononi, alisikia kila neno.

Aliniuliza mara moja tu. "Mama Kebaso," akasema, kwa maana Kebaso ni kifungua mimba wangu, "kuna kitu nilikosea Baba?"

"Wazee na matumbo yao," nikamjibu. Nikabadilisha mazungumzo, nikamwonyesha sweta za watoto nilizoleta. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa barabara ya lami. Niliipita kila Jumapili kwa miaka minne, Silibwet mpaka Merigi na kurudi, na nitasema jambo ambalo linaniaibisha kuliko yote: usiku nililala vizuri.

Mwaka ule ule Dorcus alijifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na wengi walitarajia ataitwa Drusilla. Ombati aliniambia kwamba ni Dorcus aliyekataa. Alisema mama amezikwa na watu mia tatu, lakini yule mtoto wa laini hana mtu wa kumtaja. Akamwita Janefer. Baba alipoambiwa aliuliza jina hilo mara mbili, kisha akaomba apewe mtoto, akaanza kumpapasa kichwa. Nilikuwapo, na nilijua ni nani aliyefanya wema huo na ni nani aliyekuwa akisingiziwa, na nilinyamaza.

Majuto ni mjukuu, walisema, na huyu alikuja akiwa na miguu miwili na maneno mengi. Sasa ana miaka mitatu na zaidi, na anampenda babu yake kupita kiasi. Hukaa kati ya magoti ya mzee na kumhesabia kuku wanaopita, na kuku mmoja akipita mara tatu basi ni kuku watatu. Baba hamsahihishi. Anasema nyumba yetu imekuwa na kuku wengi tangu huyu karani aajiriwe. Ukiwaona utacheka, na mimi hucheka, halafu nageuza uso.

Desemba iliyopita, Jumapili ya mwisho, nilimkuta baba amekaa kwenye jua na mtoto amesimama mbele yake. Alikuwa ameweka kiganja juu ya utosi wa mtoto, akikisogeza mpaka kifuani mwake mwenyewe, na kukirudisha.

"Nitafutie fito," akaniambia. "Iliyonyooka. Nataka kupima huyu."

Nikasema nitamwomba Ombati akate. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Nimezoea.

"Lakini haitanisaidia vile nataka," akaendelea, taratibu. "Yule wetu alifika msalaba wa tatu, basi. Huyu ako karibu na hapo. Ama amepita. Kila asubuhi nashika kichwa yake, najaribu kukumbuka ile ya tatu ilikuwa wapi kwa kidole changu. Nimesahau, Lenah. Ningejua tu kwamba huyu amempita yule, ningelala."

Mtoto aliuliza, "Nimepita nani, babu?" Baba akamwambia aende kuhesabu kuku.

Mimi siku zote nilijua nimechoma mti na kumbukumbu. Sikujua kwamba nilikuwa nimechoma kipimo cha hofu yake. Mzee huyu kipofu alikuwa akiamka kila siku na kumpapasa mtoto, kuona kama ameshavuka mahali ambapo yule mwingine aliishia, na hakuwa na njia ya kujua, na hatakuwa nayo. Kazi yangu Silibwet ni kutazama watoto wa watu na kusema sweta hii inamtosha, hii hapana, na sikosei. Huyu mmoja siwezi kumpima.

"Baba," nikasema, "si Dorcus."

Akageuza kichwa.

"Fito niliichoma mimi, siku ya mazishi. Dorcus sikumuuliza. Hajawahi kuambiwa kitu. Hata ile ya kusema si neno, sikumfikishia."

Nilingoja anigombeze. Ningeshukuru. Alinyoosha mkono mpaka ukapata kiti changu, si mimi, kiti, akaushika ukingo wake.

"Ulipovunja, ulisikia alama?"

"Nilisikia."

"Na ukaweka kwa moto."

"Ndiyo, baba."

 Kiptanui alisikika upande wa pili akifukuza ndama kwenye mahindi.

"Miaka minne nimeonea mtoto wa watu," baba akasema. "Na yeye ndiye alirudisha jina ya mtoto wangu." Akaachia kiti. "Enda umwambie. Mimi siwezi, unajua siwezi. Wewe ndiye mdomo wangu. Leo enda ufikishe."

Nilivuka kiwanja kile kifupi. Dorcus alikuwa jikoni anakata mboga za sukuma. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, mahali ule ufito ulipokuwa ukisimama, na sikupamba. Kisu kiliendelea kukata kwa muda, kisha kikaacha.

"Nimebadilisha majani mara ngapi," akasema, kwa upole, akiuliza mboga. "Ya pakiti hii, ya pakiti ile. Nikaongeza maziwa. Nikapunguza. Nikanunua sufuria mpya nikidhani ile ilikuwa na harufu. Mama yangu alikuja kutoka kwetu kunifundisha chai upya, Mama Kebaso. Mimi, mtu mzima. Nilifikiri ni mkono wangu."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara tatu au nne.  Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka mahali aliponiona, halafu akarudi kwenye sukuma zake.

Ndipo tukasikia fimbo. Baba alikuwa anakuja peke yake, akipapasa ukuta wa jikoni kwa mkono wa kushoto. Alifika kwenye jiwe la kufulia lililo nje ya mlango, hapo ndipo mwisho wake kwa desturi, akaketi, mgongo kwa mlango na uso kwa michai. Mtoto alikuwa amemfuata nyuma na ripoti ya kuku.

"Janefer," baba akasema, kwa sauti ya kutosha kuingia jikoni, "mwambie mama yako babu ana kiu. Mwambie babu alikuwa mjinga, amekaa na kiu miaka mingi."

Mtoto akaingia mbio, akanipita ubavuni. "Mama, babu ni mjinga na ana kiu."

Dorcus alifunika mdomo kwa mkono wenye mboga. Mabega yakamtikisika, na sikuweza kujua kama anacheka au analia, kwa kuwa hakuwa akigeukia upande wangu. Alipopata sauti alisema, "Mwambie babu angoje kidogo. Maji hayajachemka."

Mtoto akatoka mbio. Akarudi. Babu anasema atangoja. Akatoka. Mama anauliza, sukari ngapi siku hizi? Akarudi. Babu anasema zile zile. Alipita katikati ya mlango mara saba, nane, kila mara akisukuma gauni langu kando ili apate njia, akibeba maneno ya kweli huku na huku bila kupoteza hata moja. Nami nilisimama pale pale, na hapakuwa na mtu aliyenituma.